Marehemu wa Kila Jumamosi

Kigoma, 11 Februari 2024

Mwanangu Faridi,

Assalaam alaikum. Mimi mzima, Alhamdulillahi, ila goti la kushoto limeamua kuishi maisha yake peke yake. Dada yako Houda anakusalimu, watoto wake wanakusalimu. Mumewe hakusalimu kwa sababu yuko na mayai, nitakueleza. Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa simu yangu ilitumbukia kwenye sufuria ya maharage, na hii niliyopewa inakata kabla sijafika kwenye maana. Barua ataileta Seifu, dereva wa basi, yule mtoto wa jirani yetu wa zamani hapo Buyenzi. Mpe chai.

Sasa mayai. Mume wa Houda amenunua mashine ya kuangulia vifaranga. Mashine inataka chumba kisichopitisha baridi, na katika nyumba hii chumba hicho ni changu. Nalala na mayai mia tatu. Lazima yageuzwe asubuhi, mchana na jioni, na anayeyageuza ni mimi, eti kwa kuwa nakaa bure. Juzi mgeni alibisha hodi nikamwomba aseme polepole, watu wamelala. Ndipo nilipojua mambo yameniharibikia.

Nimechoka, mwanangu. Mwaka wa tisa huu naishi kwa watu, hata kama watu wenyewe nimewazaa. Nataka kurudi nyumbani. Kile chumba changu cha uani, chenye dirisha la bluu, kiko vipi? Kipake chokaa tu, sitaki kingine. Juu ya aliyekuwa mwenye nyumba, Mungu amrehemu, leo siandiki.

Ni mimi shangazi yako,
Mwanvua


Bujumbura, 24 Machi 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Wa alaikum salaam, na Ramadhani iwe ya heri kwako na kwa wote hapo, mayai pia. Barua yako imechukua wiki tano. Basi la Seifu lilikaa Makamba siku kumi na saba likingoja mafuta, na Seifu anaapa kwamba abiria wawili wamechumbiana kwenye foleni. Chai amekunywa, vikombe vinne.

Buyenzi tuko salama. Mafundi wa magari bado wanagonga vyuma kuanzia alfajiri ingawa magari hayana cha kutembelea. Mimi nimepata kazi ya kudumu, nilitaka uwe wa kwanza kujua. Bwana Birindwa, Mkongo mmoja mwenye ukumbi huko Kamenge, amenichukua kwa shughuli za kuanua matanga, kile ambacho Warundi wanakiita kuganduka. Unajua mambo yao: msiba ukishapita, ndugu wanakodi ukumbi, wanakaa, wanazungumza habari za marehemu, wanakunywa, basi huzuni inafungwa. Kila Jumamosi tuna shughuli. Mimi nahudumia wafiwa.

Kuhusu chumba, kipo. Paa lipo, dirisha lipo, na bluu yake ipo. Ila kina unyevu, na unyevu si rafiki wa goti. Tusikimbilie.

Ile picha yako ya sebuleni naitunza sana. Inafutwa vumbi na kuwekewa maua kila wiki.

Mwanao,
Faridi


Kigoma, 5 Mei 2024

Mwanangu Faridi,

Assalaam alaikum. Sikukuu ilikuwa nzuri. Mayai mia mbili na arobaini yameanguliwa, na vifaranga wananiamini mimi kuwa mama yao. Nikienda msalani wananifuata kwa mstari. Mume wa Houda anasema ni baraka.

Barua yako imenifurahisha hata nikamsomea Houda mara mbili. Kuhudumia wafiwa ni kazi ya thawabu. Nilikuwa naogopa, sikufichi, kwamba nawe utashika njia ya gitaa na mabaa kama mtu fulani wa nyumba hiyo. Kumbe umetulia. Nilimwambia Houda kwamba damu yangu imeshinda.

Ila kuna mambo mawili yananisumbua nikiwa nalisha vifaranga. La kwanza, hao watu wa Kamenge wanakufaje kwa mpangilio hivyo, hata kila Jumamosi pasikose mmoja? La pili, maua ya nini? Mimi sijawahi kuwekewa maua hata nilipoolewa.

Unyevu nimeuzoea, hapa nalala kwenye jasho la vifaranga. Nitakuja baada ya Idi ya kuchinja. Pika chai.

Ni mimi shangazi yako,
Mwanvua


Bujumbura, 2 Juni 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Salaam nyingi. Hongera kwa vifaranga. Hapa jua kali, ziwa limepanda, sukari ni hadithi. Majirani wote wanakuulizia, na wanakuulizia kwa upole sana.

Shangazi, usije sasa. Njia ni mbaya, mafuta hayapatikani, na basi ambalo halijakwama limejaa watu wa basi lililokwama. Na hicho chumba, nilisahau kukwambia, kina wapangaji. Ni wakubwa, wamekaa kimya ila ukiwagusa wanatoa sauti, na siwezi kuwatoa kabla ya mwisho wa mwaka. Nitakuelezea siku nyingine, karatasi imekwisha.

Mwanao,
Faridi


Kigoma, 7 Julai 2024

Faridi,

Wa alaikum salaam. Karatasi haikuisha, nyuma ilikuwa nyeupe.

Jana nilikwenda sokoni kununua dagaa. Mbele yangu alisimama mwanamke muuza mawese, mtu wa Nyanza-Lac, amevaa fulana nyeupe. Kifuani mwa ile fulana nilikuwa mimi. Kilemba changu, kidevu changu, na chini yangu maandishi: MAMA MWANVUA, TUTAKUKUMBUKA DAIMA. Mwanamke alikuwa na kifua kikubwa, kwa hiyo nilikuwa natabasamu zaidi kuliko nilivyozoea.

Nilimshika mkono nikamwambia kwa adabu kwamba Mwanvua ni mimi. Alinitazama kwa huruma.

"Apana, mama," akaniambia. "Huyu alikufaka. Mi mwenyewe nilienda ku matanga yake mara tatu, kule Kamenge. Watu walilia, na muziki ulikuwa muzuri sana."

Nilibishana naye hadi watu wakajaa. Nilipomwonyesha kitambulisho akasema majina yanafanana, Burundi nzima imejaa kina Mwanvua. Kisha akanipa pole na chupa ya mawese bure. Nimerudi nyumbani na mawese ya msiba wangu.

Nimeelewa maua. Nimeelewa upole wa majirani. Sina hasira, nina kitu kikubwa kuliko hasira ambacho sijakipatia jina, na nikilipata utalisikia huko uliko. Unijibu maswali matatu: nimekufa lini, kwa ugonjwa gani, na kwa nini kwenye matanga yangu kuna muziki? Na la nne, ambalo ndilo kubwa kwangu: mtu aliyekufa anarudije nyumbani kwake?

Mwanvua binti Ramadhani, mzima


Bujumbura, 28 Julai 2024

Shangazi,

Sijui nianzeje, basi naanza na salamu kama ulivyonifundisha. Assalaam alaikum. Majirani wazima.

Ulikufa mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Ugonjwa hatukuutaja, tulisema "baada ya kuugua kwa subira". Acha nieleze vizuri.

Ukumbi wa Birindwa ni baa ya muziki, na mimi ni mpiga gitaa wake. Gitaa ni la baba. Hilo nalisema kwanza kwa kuwa ndilo gumu. Mwaka jana kartie ya Kamenge, yaani serikali ya mtaa, iliweka amri yake: orkestra marufuku kwenye mabaa, usiku wala mchana, isipokuwa kwenye sherehe za kifamilia zenye kibali. Wanamuziki saba tukabaki tunatazamana. Birindwa akafikiri siku mbili. Harusi haiwezekani kila wiki, akasema, kwa kuwa maharusi lazima waonekane. Marehemu hahitaji kuja. Tukaomba kibali cha kuanua matanga, Jumamosi saa tisa mchana, tukamtunga marehemu. Sisi sasa ndio baa ya usiku pekee mjini inayofunga jua likizama.

Kosa lilianzia kwenye picha. Chefu wa kartie, mkuu wa mtaa, alikuja kukagua, akasema, "Mutu gani anakufa bila foto?" Nusu saa ilikuwa imebaki. Nikakimbia Buyenzi, nikakutoa ukutani. Niliapa iwe Jumamosi moja tu.

Lakini unajua desturi: kwenye matanga, mkubwa akiingia anapewa neno. Trésor, msema-chochote wetu, alimwona chefu mlangoni akampa mikro, kile kipaza sauti. Chefu hakuwa na la kusema na watu wote walikuwa wanamtazama. Akasema alikujua tangu utoto. Akasema ulimlea. Katikati ya maneno akaanza kulia, machozi ya kweli, nilikuwa karibu nayo. Tangu hapo hawezi kurudi nyuma, kila Jumamosi yuko mstari wa mbele, na kibali anakisaini mwenyewe: familia bado haijatulia.

Kisha watu wengine wakaanza kuomba neno. Kuna mwanafunzi aliyesema ulimnunulia viatu vya shule. Kuna mwanamke uliyemzalisha ndani ya teksi. Mzee mmoja kutoka Kigobe anasema ulimkataa na hadi leo hajaoa. Shangazi, umefanya mengi. Mwezi wa pili Birindwa alijaribu kubadilisha marehemu, akaweka fundi cherehani mmoja wa kutunga, mwenye masharubu. Wimbo wa tatu haujaisha ukumbi ulikuwa mtupu. Walisema mtu huyu hawamjui. Fulana walizichapisha wao wenyewe.

Sijui machozi wanayatoa wapi. Nafikiri kila mmoja ana mtu wake ambaye hakumlilia vizuri, na sura yako ni pana, inawatosha wote.

Wapangaji wa chumba chako ni dramu na spika nne. Na picha, kwa kuwa mlikuwa wawili, niliikata katikati nikakupeleka wewe. Nusu ya baba ninayo, natembea nayo kwenye mfuko wa shati. Nisamehe hilo kwanza, mengine baadaye.

Seifu ameniambia umekata tiketi ya tarehe kumi na tano Agosti. Siwezi kukutazama usoni, Shangazi. Wiki hiyo Birindwa ananituma Rumonge kununua mawese ya jikoni. Ufunguo uko kwa mama wa nyumba ya pili.

Mwanao, kama bado,
Faridi


Bujumbura, Buyenzi, 19 Agosti 2024

Faridi,

Assalaam alaikum. Houda mzima, watoto wazima, vifaranga nimewaachia baba yao na wanamkataa. Nakuandikia nikiwa kwenye chumba changu, nimekalia dramu kubwa, karatasi iko juu ya spika. Seifu anapita Rumonge kesho, atakukabidhi mkononi.

Nilikuona. Basi lilisimama hapo Rumonge saa sita mchana nami nikashuka kunyoosha goti. Nyuma ya madumu ya njano ya mawese kulikuwa na miguu miwili yenye viatu nilivyokutumia Idi ya mwaka juzi. Nilitaka kukuita. Nikaona mtu anayejificha nyuma ya madumu huku miguu yake ikionekana anateseka vya kutosha, nikarudi kwenye kiti.

Jumamosi nilivaa, nikaenda Kamenge kujifufua. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima kutoka Makamba, mengine siwezi kuyaandika. Mlangoni huyo Trésor wako alinishika mkono vizuri, akasema, "Mama, unamufanana sana. We ni dada yake?" Nikamwambia mimi ndiye. Akasema msiba humfanya mtu aseme mengi, akaniletea kiti. Nikamwendea chefu. Aliniangalia kuanzia kilemba hadi miguuni akasema yeye Mwanvua anamjua tangu utoto, na Mwanvua alikuwa mrefu. Birindwa peke yake ndiye aliyenitambua. Alitokwa na jasho ghafla, akanipeleka mstari wa familia, akanipa Fanta na fulana. Nimeivaa juu ya gauni, Faridi, kwa kuwa kulikuwa na upepo.

Waliniandika wa kumi na moja kwenye orodha ya wanaotaka neno, dakika tatu kila mtu. Basi nikakaa nikawasikiliza kumi wa mbele. Mwanafunzi wa viatu nilimsikia. Yule mama wa teksi alieleza jinsi nilivyovua kanga yangu nikamfunika mtoto, na kanga ilikuwa ya kijani. Sijawahi kuwa na kanga ya kijani. Lakini alipokaa nilikuwa nalia, nikimlilia huyo mwanamke mwema ambaye laiti ningekuwa ndiye. Mzee wa Kigobe nilimtazama kwa makini. Angekuja kweli nisingemkataa.

Ilipofika zamu yangu nilisimama na matusi yangu yote. Nikageukia picha. Mmeikuza hadi ukubwa wa mlango. Faridi, ulikata vibaya. Begani mwangu vimebaki vidole vinne vya baba yako. Miezi tisa watu wanatazama vidole vya Yahaya wakidhani ni nakshi ya gauni.

Matusi yalinitoka kichwani. Nikasema huyu mwanamke alikuwa na kaka mmoja. Walizaliwa tumbo moja, wakala sahani moja. Kaka alikuwa anapiga gitaa uani akisubiri wali uive, na dada akawa anampigia kelele kwamba analeta baa ndani ya nyumba ya Waislamu. Mwaka 2015 alimwambia achague, gitaa au dada. Kaka akacheka, akadhani ni utani wa siku zote. Dada akafunga mizigo akaenda Kigoma kumwonyesha kwamba si utani. Miaka sita baadaye kaka akaugua, akatuma mtu kusema nyumba ina kiti chake. Dada akajibu kwamba njia ni mbaya. Akatuma tena. Akajibu tena kwamba njia ni mbaya. Kaka akazikwa.

Nikawaambia njia haikuwa mbaya. Mwaka ule mafuta yalikuwapo. Seifu alinipigia honi mlangoni na nikamwambia aende.

Nikasema, "Mwanvua hakuwa mutu mwema. Mwanvua ni mi, na nilimuacha kaka yangu afe pekee yake, sababu ya gitaa."

Trésor alikuwa ameshika saa yake, lakini hakunikatiza. Wananiambia nilisema dakika kumi na nne. Chefu, ambaye hulia kila wiki, safari hii hakulia. Alivua kofia akaiweka magotini. Hakuna aliyepiga makofi. Kisha wale vijana wa orkestra, bila kuambiwa, walianza ule wimbo wa uani, ule wa kusubiri wali. Umewafundisha wewe, najua, kwa kuwa wanakosea palepale alipokuwa anakosea yeye. Nilisimama mbele ya picha nikaweka mkono wangu juu ya vile vidole hadi wimbo ulipokwisha.

Mwisho chefu alinijia. Hakusema kama mimi ndiye au siye. Aliuliza tu, "Huyo kaka, mulimuanulia matanga?" Nikamjibu kwamba ndugu wa damu alikuwa mmoja tu, naye hakuja.

Sasa sikiliza. Mimi sirudi Kigoma. Dramu zako zibaki humu humu, nimeziwekea shuka juu, tunaelewana, maana hazihitaji kugeuzwa. Jumamosi hii asubuhi tunasoma khitma hapa nyumbani, nimekwisha mwambia maalimu. Saa tisa mchana tunakwenda Kamenge. Birindwa amekubali siku hiyo ni Fanta tupu, ingawa alishika moyo. Chefu ameandika kibali kwa jina la Yahaya bin Ramadhani, ila anadai picha, kama kawaida yake.

Wewe unayo, mfukoni mwa shati. Njoo nayo tuunganishe na hii yangu. Gitaa lake nimelifuta vumbi, liko kitandani kwangu. Achana na hayo mawese, usichelewe, mwanangu. Safari hii marehemu ni wa kweli.

Ni mimi shangazi yako,
Mwanvua